Ghorofa juu ya maduka Mtwara: Ni nani aliyepima msingi?

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

UKIPITA katika mitaa ya biashara ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani na kuinua macho juu ya mabango ya maduka, utaona jambo ambalo wenyeji wamekwisha kulizoea. Ni nondo zilizoachwa zikichomoza juu ya paa la zege, zimepinda na kushika kutu kwa upepo wa chumvi utokao baharini.

Nondo hizo ni tamko la mwenye jengo. Anatangaza kwamba alipojenga fremu za maduka fedha zilimwishia, lakini nia haikumwisha, na kwamba ipo siku atapandisha ghorofa mbili au tatu za nyumba za kupangisha.

Kwa baadhi yao siku hiyo imewadia. Kwa mujibu wa sensa, wakazi wa manispaa hii waliongezeka kutoka takriban 108,000 mwaka 2012 hadi zaidi ya 146,000 mwaka 2022. Bandari imepanuliwa, makaa ya mawe kutoka Mkoa wa Ruvuma yanapakiwa hapa kwenda nje ya nchi, na msimu wa korosho huleta wafanyabiashara, madereva na makarani wanaotafuta mahali pa kulala karibu na kazi zao.

Katika hali hiyo, hoja ya kujenga nyumba juu ya maduka ina mantiki. Kiwanja kipo, barabara ipo, maji na umeme vimekwisha kufika. Hakuna fidia ya kulipa wala shamba la mtu la kumega, na mpangaji anayeishi juu ya soko hahitaji nauli ya kwenda sokoni.

Swali ambalo halina budi kuulizwa kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kupandishwa ni moja: je, jengo lililopo chini lilijengwa kwa ajili ya kubeba mzigo huo?

Hesabu ya uzito

Zege lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 katika kila mita ya mraba.

Chukua jengo la kawaida la maduka lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15. Sakafu moja tu ya ziada itaongeza tani 108. Hapo bado hujaweka boriti, nguzo, kuta za matofali, ngazi, samani na watu wenyewe. Tangi moja la maji la lita 5,000 likijazwa juu ya paa ni tani tano nyingine.

Mzigo wote huo hushuka kupitia nguzo zilezile za zamani na kuishia katika msingi uleule. Kama msingi ulichimbwa kwa ajili ya duka la chini na paa la bati, haujali kama mwenye jengo ana kibali, ana mkopo au ana haraka.

Mtwara ina mambo mengine mawili ya kuzingatia. La kwanza ni chumvi. Hewa ya bahari hupenya katika nyufa za zege na kulisha kutu iliyomo katika nondo. Nondo iliyokaa juani na mvuani miaka mingi huliwa hata ikabaki na unene pungufu. Kuunganisha nguzo mpya na nondo ya namna hiyo bila kuipima ni kubahatisha.

La pili ni upepo. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokaribia pwani hii, wakazi wa Mtwara walitakiwa kuhamia maeneo salama. Hatimaye kimbunga kilitua ng'ambo ya Ruvuma, katika Jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Tulinusurika, lakini tulionywa. Jengo linapoongezwa kimo, nguvu ya upepo inayolisukuma nayo huongezeka.

Somo la Dar es Salaam

Si lazima kwenda mbali kutafuta mfano. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Taarifa zilizotolewa wakati huo zilionyesha kuwa ghorofa zilikuwa zimefikia 16, wakati kibali kilikuwa cha ghorofa 10.

Novemba 16, 2024, jengo la maduka lililokuwa likitumika liliporomoka Kariakoo, katika eneo la mitaa ya Mchikichi na Congo, likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani yake. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha na wengi waliokolewa wakiwa hai kutoka katika vifusi. Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo.

Pale Kariakoo mjadala haukuwa juu ya kupanda bali kushuka: ilielezwa kuwa kulikuwa na kazi ya kuchimba chini ya jengo ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Hata hivyo kiini cha jambo ni kilekile. Jengo lilibadilishwa likiwa limejaa watu.

Mfano unaofanana zaidi na hali inayozungumzwa hapa ni wa Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Duka kubwa la Sampoong liliporomoka Juni 29, 1995 na kuua watu 502. Ramani ya awali ilikuwa ya jengo la ghorofa nne. Likabadilishwa matumizi, likaongezwa ghorofa ya tano, nguzo zikapunguzwa ili kupisha ngazi za umeme. Nyufa zilionekana mapema siku ile, lakini uongozi ukaona ni afadhali mauzo yaendelee.

Bangladesh nayo, Aprili 24, 2013, ilipoteza watu zaidi ya 1,100 katika jengo la Rana Plaza, lililokuwa na maduka na benki chini na viwanda vya nguo juu. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali halali. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliwaondoa watumishi wake, lakini washonaji waliamriwa kurudi kazini.

Anayebeba hatari

Mifano hiyo inafunua upande ambao haupewi uzito katika mazungumzo ya vibali. Faida ya ghorofa mpya ni ya mwenye jengo, na kodi ya majengo ni ya umma. Lakini anayekaa chini ya tani hizo kutwa nzima ni mwenye fremu: muuza vitenge, fundi simu, mama mwenye duka la vipuri.

Huyo hakuulizwa. Mkataba wake unataja kodi ya miezi sita au mwaka, hautaji ghorofa. Akihama anapoteza wateja aliowajenga kwa miaka. Akibaki anafanya biashara chini ya mafundi wanaomwaga zege.

Sheria hazikosekani. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inasimamia mabadiliko ya matumizi, na bodi za wahandisi, wabunifu majengo na makandarasi zipo. Aidha, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inamruhusu mtu kununua nyumba iliyo ghorofani. Lakini anunuaye ghorofa ya tatu amenunua pia sehemu ya msingi, nguzo na paa. Kama msingi ni mbovu, hatimiliki yake ni karatasi iliyoning'inia hewani.

Tahadhari ya uchumi

Ipo pia hatari isiyohusu zege. Mtwara imewahi kuonja homa ya ujenzi. Matumaini ya gesi asilia yalipopamba moto mwanzoni mwa muongo uliopita, bei za viwanja zilipanda na nyumba za wageni zikachipuka. Mwaka 2013 zikaja ghasia za bomba la gesi. Mwaka 2015 bomba likazinduliwa na gesi ikaenda Dar es Salaam, na shamrashamra zikapoa.

Nyingi ya nondo tunazoziona juu ya mapaa ni masalia ya matumaini ya aina hiyo. Kwa hiyo anayetaka kupandisha ghorofa kwa mkopo hana budi kujiuliza kama wapangaji anaowategemea ni wa mwaka mzima au wa msimu wa korosho tu.

Nini kifanyike

Kwanza, halmashauri isipokee ombi la kuongeza ghorofa bila ramani za awali za jengo na ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa. Ripoti hiyo ieleze vipimo vya udongo, hali ya nondo na nguvu ya zege, kwa sampuli zilizokatwa katika nguzo zenyewe. Pasipo na ramani, msingi ufukuliwe uonekane.

Pili, wapangaji wa chini wajulishwe kwa maandishi, na maduka yaliyo chini ya kazi yafungwe wakati wa ujenzi, kwa utaratibu wa fidia ya kodi utakaokubaliwa mapema.

Tatu, ukaguzi ufanyike kila ghorofa inapokamilika, si baada ya rangi kupakwa.

Gharama za vipimo zitalalamikiwa. Lakini ni ndogo mno zikilinganishwa na gharama ya jengo zima, na mhandisi akisema jengo halibebi, atakuwa amemwokolea mwenye mali fedha zake zote.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kariakoo imetuonyesha kwamba wapo wasiopata hata nafasi ya kuujenga huo ukuta. Mtwara bado ina nafasi, kwa sababu nyingi ya ghorofa hizo hazijajengwa. Nondo bado ziko hewani. Ni wajibu wa mamlaka kuuliza sasa zimeshikiliwa na nini huko chini.