Video zetu zisipotee tena kati ya Goma na Bukavu

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkano Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye viongozi wa jimbo wakaamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihame. Tarehe 27 Mei nilikuwa kwenye barabara ya Sake na kamera yangu, katikati ya watu waliobeba magodoro, masufuria na watoto. Nilirekodi saa mbili na dakika chache. Mama mmoja alikubali kusimama mbele ya kamera kwa sababu moja tu: mume wake alikuwa amekimbilia upande wa Gisenyi, simu yake haipatikani, na mama alitaka baba aone kwenye televisheni kwamba watoto wote wanne wako hai.

Video hiyo haikuonyeshwa popote. Haikuchukuliwa na lava, wala na wezi. Ilipotelea mezani, Bukavu, kwa sababu ordinateri yangu na ile ya mwenzangu hazielewani.

Niseme yote, kwa maana kosa la kwanza lilikuwa langu. Mimi ninafanya montaji kwa Final Cut, kwenye Mac niliyoinunua okazioni. Mwenzangu wa Bukavu anatumia Adobe Premiere kwenye Windows. Nilihamisha kadi zote kwenye disiki moja, nikafuta kadi ili niendelee kurekodi, kisha nikamtumia disiki kwa boti. Alipoichomeka, Windows ikamwambia kwamba disiki hii haiwezi kutumika kabla ya kuformatiwa. Akanipigia simu, reseau haikupita. Akafikiri nimekosea nikamtumia disiki mpya, tupu. Akabonyeza ndiyo, na juu yake akaweka kazi ya harusi ya mtu. Kama angeiacha bila kuandika kitu, kuna programu ambazo pengine zingeokoa sehemu. Tulipopatana kwenye simu, maharusi walikuwa wamekwisha kukalia wakimbizi wangu.

Tangu siku ile nimewauliza wenzangu wengi wa Kivu zote mbili, na sikumkuta hata mmoja ambaye hana hadithi ya namna hii. Mmoja alipokea sauti bila picha. Mwingine alipata picha nzuri, lakini midomo inakwenda mbele na sauti inabaki nyuma. Tunacheka, tunasema ni mambo ya mashini. Mimi nasema hapana. Mashini zilitengenezwa na kampuni zinazoshindana, na hakuna aliyeziahidi kwamba zitapatana. Wanaopaswa kupatana ni sisi, na tunapaswa kufanya hivyo kabla ya kamera kuwashwa.

Tuanze na disiki yenyewe. Disiki iliyoandaliwa kwa mfumo wa Apple pekee, Windows haiisomi bila programu ya pembeni. Ile ya Windows, yaani NTFS, Mac inaisoma lakini haiandiki ndani yake. Wengi wetu tulikimbilia FAT32 kwa kuwa inakubalika kila mahali, tukagonga ukuta mwingine: FAT32 haibebi faili moja inayozidi giga 4. Dawa ipo tangu mwaka 2006, inaitwa exFAT, inasomwa na kuandikwa pande zote mbili, na haiombi hata franka moja. Kuandaa disiki kwa exFAT kunachukua dakika moja. Dakika hiyo ndiyo iliyonikosesha saa mbili za barabara ya Sake.

Kuna tabia nyingine inayotuua kimya kimya. Kamera nyingi ndogo tunazotumia hapa zinarekodi kwa AVCHD, mfumo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Ukifungua kadi yake unakuta kabati ndani ya kabati, na video zenyewe ziko chini kabisa. Mtu mwenye haraka anachota zile video tu, mengine anayaona kama takataka. Lakini mahojiano marefu kamera inayakata vipande, na maelezo ya namna ya kuviunganisha yako ndani ya hayo yanayoitwa takataka. Ukiyaacha, kwenye maungio kunaweza kukosekana picha au silabi ya neno. Shahidi anasema "sikumuona", silabi moja inameza, na sasa kasema nini? Kadi inakopiwa nzima, jinsi ilivyotoka kwenye kamera.

Halafu kuna kodeki, yaani namna ya kukunja picha ili zienee. H.264, inayotumiwa na simu na kamera nyingi, haihifadhi kila picha kamili. Inahifadhi moja nzima, kisha kwa zinazofuata inaandika mabadiliko tu. Ndiyo sababu faili ni ndogo, na ndiyo sababu ordinateri dhaifu inakwama ukitaka kukata katikati. Kwa kazi ya montaji, Avid walitengeneza DNxHD, na Apple wakaleta ProRes mwaka 2007. Hizo zinahifadhi kila picha peke yake, zinakatika vizuri, lakini ni nzito. Saa moja ya AVCHD kwenye ubora wa juu inakaribia giga 11. Igeuze iwe ProRes 422, kwa picha 25 kila sekunde, inafika kama giga 55.

Na hapa nina neno kwa wateja wetu wa Kinshasa na wa Ulaya wanaotuandikia kwamba wanataka ProRes, si kitu kingine. Ndugu zangu, maji ya chupa ukiyamwaga ndani ya bidoni hayaongezeki. Video iliyozaliwa AVCHD haipati ubora mpya kwa kugeuzwa. Inapata uzito tu, na anayeubeba uzito huo ni mwandishi wa Goma au Uvira, anayelipa forfeti ya intaneti kutoka mfukoni mwake na kununua mafuta ya jenereta. Piga hesabu. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kila sekunde bila kukatika (na nani hapa ana hiyo?), giga 55 zinaomba zaidi ya saa 24. Giga 11 zinaomba kama saa 5. Mteja mwenye mashini kubwa na umeme usiozimika apokee faili ya asili, aigeuze mwenyewe kwake.

Hata hizo saa 5 ni nyingi. Lakini njia ya kuzikwepa ipo, na sijui kwa nini hatuitumii zaidi. Mwenye video za asili atengeneze nakala nyepesi za H.264, megabiti 2 kila sekunde. Saa moja inakuwa kama giga 0.9, inapanda kwa dakika zisizozidi 25 kwa intaneti ile ile. Mwenzake wa mbali anafanya montaji kwa nakala hizo. Akimaliza, harudishi video. Anarudisha faili ndogo ya XML au EDL, ambayo ni orodha tu ya wapi pamekatwa na nini kimefuata nini. Wa kwanza anaifungua, anaiunganisha na video za asili, anatoa kazi kamili. DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure kwa Mac na kwa Windows, inafungua orodha kutoka Premiere na kutoka Final Cut. Sharti ni moja, na hilo ndilo wengi wanalivunja: usibadilishe jina la faili. Ukiita "mama Sake mzuri" kile ambacho kamera iliita 00014, orodha haitamtambua tena.

XML haibebi kila kitu. Maandishi ya kwenye picha na rangi ulizotengeneza mara nyingi zinabaki njiani, kwa hiyo tuma pia video ndogo iliyokamilika ili mwenzako aone ulichotaka. Projekti yenyewe usiitegemee. Iliyohifadhiwa katika Premiere mpya haifunguki katika Premiere ya zamani, na sote tunajua ni miji mingapi hapa inaishi kwa toleo la zamani lililopatikana kwa njia ambayo hatutaiandika gazetini. Apple wenyewe, walipotoa Final Cut Pro X mwaka 2011, haikuweza kufungua projekti za Final Cut iliyotangulia. Kama kampuni moja inashindwa kujisomea barua zake za jana, wewe unatarajia nini kati ya mbili?

Simu nazo zimeleta yake. Nyingi zinarekodi picha 30 kila sekunde, tena hesabu inapanda na kushuka kwa kutegemea mwanga, wakati kamera zetu nyingi zimepangwa kwenye 25. Sauti kukimbia picha kunatokea hapo mara nyingi. HandBrake, programu ya bure, inazigeuza zikawa na hesabu isiyobadilika. Na tangu 2017 iPhone zinaweza kurekodi kwa HEVC, ambayo ordinateri za zamani hazioni. Ukiingia kwenye mipangilio ya kamera, chagua ule muundo unaokubalika zaidi, na tatizo limeisha kabla halijaanza.

Mkubwa mmoja katika kazi hii, ninayemheshimu sana, aliniambia: "Mdogo wangu, mnajisumbua. Kila redaksio inunue mashini moja, programu moja." Nilimjibu, kwa adabu, kwamba hiyo ni dawa ya wenye pesa. Redio ya jamii ya Walikale haitanunua Mac kwa sababu sisi wa Goma tunazipenda. Wengine wanasema tutume tu kwa WhatsApp, itafika. Itafika, ndiyo, lakini imepunguzwa picha na kuvuliwa maelezo yaliyokuwa ndani yake: saa, tarehe, mahali, kamera.

Maelezo hayo si mapambo. Mwezi wa tisa 2018, korti ya kijeshi huko Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kwa makosa dhidi ya ubinadamu, kwa mauaji ya Kamananga na Lumenje ya mwaka 2012. Kati ya ushahidi uliopokelewa mlikuwa na picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness to Atrocities, ambayo inahifadhi saa na mahali picha ilipopigwa na kuwezesha kuhakikisha kwamba haikuguswa baadaye. Wakili wa mshtakiwa hawezi kusimama na kusema picha ile ni ya nchi nyingine. Video zetu za WhatsApp, anaweza. Katika jimbo ambako kila juma kuna mtu anayekana kilichotokea mbele ya macho yetu, mwandishi anayetupa faili ya asili anamsaidia anayekana.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo. Wakuu wa redaksio za Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Bunia na Uvira, pamoja na UNPC katika majimbo, tuandike ukurasa mmoja. Disiki ni exFAT. Kadi inakopiwa nzima, kwenye disiki mbili, na haifutwi mpaka aliyepokea aseme ameziona na kuzisikia. Picha ni 25 kila sekunde. Majina ya faili hayaguswi. Inayosafiri ni nakala nyepesi, na ya asili inabaki kwa aliyeirekodi, jina lake likiwa juu yake. Mafundi wataongeza yao na kunisahihisha, nakubali. Ukurasa huo ubandikwe ukutani karibu na mahali kamera zinapochajiwa, si ndani ya ofisi ya mkurugenzi. Na wanafunzi wanaosoma uandishi wa habari waufanyie mazoezi. Mimi nilitoka chuoni na diploma yangu nikijua historia ya televisheni, lakini sikujua tofauti ya NTFS na exFAT.

Mwenzangu wa Bukavu tunafanya kazi pamoja mpaka leo. Disiki ile bado inavuka ziwa, sasa ikiwa exFAT, na juu yake tumebandika plasta iliyoandikwa kwa bik nyekundu: "Ikiomba kuformatiwa, kataa, piga simu." Za siku ile nimebaki na dakika 3 tu, nilizokuwa nimezituma kwa WhatsApp kabla. Yule mama yumo. Sauti yake inasikika vizuri, watoto anawahesabu kwa majina, lakini sura yake ni vipande vya rangi. Nilirudi Sake mara mbili kumtafuta, na kila niliyemuonyesha simu aliniambia hawezi kujua ni nani.