Siku 90 zilizokataa kuisha

Kila KDF ikitangaza usajili, vijana wa mtaa wetu wanaanza kukimbia barabarani saa kumi na moja asubuhi. Ndugu yangu mdogo yuko kati yao. Ana miaka 18. Jeshi letu lilipovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, alikuwa na miaka minne na bado anakojoa kitandani (pole bro, ilibidi niseme). Sasa wasee, mtoto wa nasari amekua mpaka umri wa kubeba bunduki, na bado hakuna mtu serikalini ametuambia hii vita inaishaje.

Kabla mnirukie: sijasema askari wetu ni waoga. 2012 waliingia Kismayu, wengine kwa bahari, na Al-Shabaab wakatoka. Shida yangu ni na walioketi ofisini wakadhani kuteka mji ndio kushinda. Vita ya kuvizia haiendi hivyo. Adui akiona kifaru anatoroka, anavua magwanda, anakuwa mtu wa kawaida sokoni. Anangoja. Hana uchaguzi wa kushinda, hana bajeti ya kusomwa kila Juni. Anatoza lori ushuru barabarani, anatega bomu, anaenda kulala. Wewe unalinda barabara, kambi, maji na mafuta kila siku. Hapo anashinda mwenye pumzi, na pumzi inapangwa mapema, kwa doo na kwa watu.

Sisi tulipanga nini? Septemba 2015 operesheni ya msitu wa Boni, kule Lamu, ilitangazwa kuwa ya siku 90. Siku tisini! Imebadilishwa jina, msitu ni ule ule, askari bado wako. Posho za majeshi ya Umoja wa Afrika huko Somalia tuliachia Umoja wa Ulaya, na 2016 wakakata asilimia 20. Kikosi cha sasa, AUSSOM, kilianza Januari 2025 bila pesa za uhakika. Nani anaingia vita ya miaka mingi na mfuko wa jirani? Na El Adde, Januari 2016, kambi yetu ilivamiwa, na serikali haijawahi kutoa idadi kamili ya waliokufa. Kama hata maiti hatuhesabiwi, waliopona wakiwa na majeraha ya mwili na ya akili wamepangiwa bajeti gani ya miaka 30 ijayo?

Lakini kinachoniuma zaidi ni walimu. Novemba 2014, basi lilisimamishwa Mandera, abiria 28 wakauawa, wengi wao walimu wakienda nyumbani likizo. Januari 2020, walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. TSC ikawahamisha walimu wasio wenyeji. Siwalaumu walimu hata kidogo, hata mimi ningepanda gari la kwanza. Lakini fikiria ile picha: watoto wako darasani, ubao upo, mwalimu hayupo. Al-Shabaab hawahitaji kuteka Garissa. Wanahitaji tu serikali iondoke, na tuliwasaidia. Mahali pa kuweka walinzi shuleni, nyumba salama za walimu na posho ya mazingira magumu yenye maana, tuliweka barua za uhamisho.

Na hadi Februari 2025, kijana wa Wajir alikuwa anapigwa msasa zaidi ya mimi wa Nairobi ndio apate kitambulisho. Halafu huyo huyo tunamwambia apige ripoti polisi akiona wageni kijijini. Kwa nini akuamini? Taarifa za mwenyeji zinazidi helikopta kumi, na hazinunuliwi kwa zabuni.

Katiba, kifungu cha 240, inataka Bunge liidhinishe majeshi kutumwa nje kwa kazi ya amani. Kwa hivyo mbunge wako akija mtaani kugawa unga, muulize: tutakuwa Somalia miaka mingapi, kwa pesa ya nani, nani atamtunza anayerudi bila mguu, na mwalimu anarudi lini Mandera? Akianza kuimba wimbo wa uzalendo, mrudishe kwa swali la kwanza.

Ndugu yangu kesho anakimbia tena. Usajili wanamkagua mpaka meno.