Kisima si cha mwenye kiwanja

Dhahabu na gesi zinazungumzwa sana, lakini rasilimali ya chini ya ardhi inayoliwa kimyakimya hapa Dar es Salaam ni maji. Tangu ukame wa 1997 kila mwenye uwezo anachimba kisima chake, na mwaka 2022 maji ya mto Ruvu yalipopungua Serikali nayo ilikimbilia visima vya Kigamboni.

Pwani maji baridi yamekaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Kanuni ya wanajiolojia ni kwamba maji baridi yakishuka mita 1, ya chumvi hupanda kama mita 40 kutoka chini. Ndiyo maana kuna nyumba karibu na bahari ambako sabuni haitoi povu, birika lina ukoko mweupe na chai inaonja chumvi kabla hujatia sukari. Na chumvi ikishaingia, kuitoa ni kazi ya miaka mingi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote ni mali ya umma. Anayechimba kisima kirefu kwa biashara anatakiwa awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde, kwetu ni ya Wami/Ruvu. Sasa nenda mtaani uulize wauza maji wa maboza wangapi wanacho! Kwa maoni yangu tuanze na hao, kila kisima chao kifungwe mita, tumwache kwanza mama mwenye ndoo zake mbili.