Freddie ni wetu, sawa. Na wale wenzake watatu?

Wadau, juzi jioni nimetoka kazini nikapita kwa muuza kahawa pale Posta, jirani na zinapoegesha boti za Zanzibar. Nikakuta ubishi umepamba moto: Freddie Mercury ni Mzanzibari au si Mzanzibari?

Hapo mimi sina ubishi. Kazaliwa Unguja Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi waliotoka India. Familia ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 2019 hadi makumbusho yake yakafunguliwa Shangani. Yaishe!

Kilichonikera ni jamaa mmoja aliyesema wale wenzake wa Queen walikuwa wabeba spika tu. Nikaweka kikombe chini.

Jamani, tuangalie nyimbo. Bohemian Rhapsody ya 1975 kaitunga Freddie, kweli. Lakini We Will Rock You ni ya Brian May, mpiga gitaa. Another One Bites the Dust ni ya John Deacon, mpiga besi, yule mkimya. Radio Ga Ga ni ya Roger Taylor, mpiga drams. Yaani mwenye sauti kubwa kuliko wote alikubali kuimba tungo za wenzake.

Na peke yake alijaribu. Aprili 1985 alitoa albamu yake, Mr. Bad Guy. Uingereza ikafika namba 6, si haba, ila Marekani haikufua dafu. Julai 13 mwaka huohuo akapanda na Queen jukwaa la Live Aid pale Wembley, dakika kama 20 tu, na watu wanazisimulia mpaka leo. Mwaka 1988 akatoa albamu ya Barcelona na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera. Kazi nzito, naipenda. Lakini bendi hakuivunja.

Kinachonigusa zaidi ni albamu ya The Miracle, 1989. Humo kila wimbo umeandikwa kuwa ni wa Queen, wote wanne, hakuna cha nani katunga nini. Alipofariki Novemba 24, 1991, alikuwa bado mwimbaji wa bendi ileile.

Sasa tujitazame. TMK Wanaume waliitikisa nchi, wakagawanyika. Kwenye bendi za dansi, waimbaji kuhama ni jambo la kila siku. Ukichimba unakuta hela, au nani atangulie kwenye bango.

Na sisi waandishi hatujasalimika. Nimewahi kuandika habari ya onyesho zima, picha kubwa ya mwimbaji, sifa zote za mwimbaji. Mpiga besi aliyeushikilia muziki mpaka alfajiri hata jina sikumuuliza. Halafu bendi ikivunjika nashangaa!

Onyesho lijalo nitaanzia kwake.

Nawasilisha.