Simbilisi wawili, banda moja, na vita niliyoianzisha mwenyewe

Huku kwetu Bomani, Tarime, kuna kile kibaridi cha asubuhi kinachomfanya mtu alikumbatie shuka hadi saa moja na nusu. Nimejifunga kitenge mabegani, chai iko pembeni, naandika. Mwezi huu nilikuwa nimepanga kuzungumzia mawifi, lakini mawifi watasubiri. Nataka niwasimulie vita iliyozuka ndani ya nyumba yangu, tena vita ya viumbe ambao hata kilo moja na nusu hawafiki.

Nazungumzia simbilisi. Kuna watu huwaita pimbi na hilo linaniudhi sana, maana pimbi ni yule wa kwenye mawe, na sisi watu wa Mara tunamjua vizuri, yuko tele kwenye mawe ya Serengeti. Simbilisi ni mwingine kabisa. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu walianza kumfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka iliyopita. Wenzetu wa Iringa wanawafuga na kuwala hadi leo. Wa kwangu hawaliwi. Wana majina.

Binti yangu ana miaka tisa. Alikuwa nao wawili, majike, mmoja akafa wakati wa mvua za mwaka jana. Akabaki Malkia peke yake. Jamani, sikujua kama mnyama mdogo hivyo anaweza kununa. Zamani ukipita na majani ya matembele anapiga kelele nyumba nzima inasikia. Baada ya mwenzake kufa akawa anajikunyata kwenye kona, anakula kidogo, kimya. Baadaye nikasoma kwamba Uswisi sheria yao, tangu mwaka 2008, hairuhusu kumfuga simbilisi peke yake bila mwenzake wa aina yake. Nilicheka kwanza. Kisha nikamtazama Malkia pale kwenye kona, nikaacha kucheka.

Sasa kipindi hichohicho baba watoto akaniambia habari ambayo nilijua ipo siku itakuja. Ana binti aliyemzaa kabla hatujaoana. Alikuwa analelewa Musoma na bibi yake mzaa mama, lakini bibi amechoka, miguu haiwezi tena. Mtoto anakuja kuishi na sisi. Ana miaka kumi na mmoja.

Mimi si mnafiki, na kwenye ukurasa huu huwa siwafichi. Sikukataa. Ila sikufurahi. Neno "karibu" lilitoka mdomoni tu.

Mtoto akashuka kwenye basi na begi moja na boksi lenye matundu. Ndani ya boksi kuna nini? Simbilisi! Anaitwa Pendo, rangi ya kahawia na nyeupe. Njia nzima kutoka stendi yule mtoto hakuzungumza na mtu, ila alikuwa anainama kwenye boksi na kunong'ona. Mimi nikasema moyoni, Mungu kajibu maombi, Malkia amepata mwenzake.

Basi usiku huohuo nikafanya wema wangu. Nikamtoa Pendo kwenye boksi nikamtumbukiza kwenye banda la Malkia. Nikamchukua mtoto nikampeleka kwenye kitanda cha mwanangu. "Ninyi ni ndugu, mtalala pamoja." Nikaenda kulala nikijiona mama bora wa mwaka.

Saa kumi alfajiri nikasikia kelele. Nikawasha taa. Wale wanyama walikuwa wameshikana wamekuwa kama mpira mmoja wa manyoya unaobiringika. Nikaingiza mkono kuwaachanisha, na hapo ndo nikajua meno ya simbilisi ni ya kukatia. Kovu liko kwenye kidole cha shahada hadi leo. Sikio la Pendo lilichanika, damu kwenye maranda yote. Binti yangu, naye amesimama mlangoni analia, akasema: "Mwambie arudi kwao na panya wake."

Hakuna aliyemjibu. Yule mwenzake alimchukua Pendo, akamrudisha kwenye boksi, akaenda kukaa sebuleni pembeni ya begi lake. Begi lenyewe lilikuwa bado limefungwa. Alikaa pale hadi kukapambazuka, na viatu amevaa.

Mama mkwe anaishi nyumba ya nyuma. Yeye ni mke wa pili kati ya watatu, kama ilivyokuwa kawaida kwenye miji mingi ya Wakurya wa rika lake. Alikuja asubuhi, akaangalia banda, akaangalia kidole changu, akamwangalia mjukuu wake pale na begi. Akaniambia, "Mwanangu, mimi uliwahi kuona nalala chumba kimoja na mke mwenzangu? Nilipoletwa kwenye ule mji nilijengewa nyumba yangu. Mlango wangu, jiko langu. Ndiyo maana tulipatana. Wangetuweka chumba kimoja siku ile ya kwanza, mmoja wetu angezikwa."

Niliona aibu hiyo!

Nikaenda kwa bwana mifugo na boksi la Pendo. Alichonieleza, ukiongeza na niliyosoma mwenyewe baadaye, ndicho ninachowapa leo, kwa sababu najua wapo wenye watoto wanaofuga na siku moja wataleta mwenzi mpya nyumbani.

Cha kwanza alimgeuza Pendo akamkagua kama kweli ni jike. Usimwamini muuzaji. Wangapi wameuziwa "majike watupu" na baada ya miezi miwili na kitu wakaamka na watoto bandani? Tena watoto wa simbilisi huzaliwa na manyoya, macho wazi, siku hiyohiyo wanakimbia. Majike wawili kwa kawaida hupatana. Dume mmoja na majike kadhaa pia, ila ujue utapata ukoo. Madume wawili wanaweza kuishi pamoja kama nafasi ni kubwa na hakuna jike karibu. Akipita jike hapo, urafiki umekwisha.

Cha pili, mgeni akae peke yake wiki mbili. Unamchunguza kama ana chawa, ukurutu, mafua, kuharisha. Nikamwambia bwana mifugo kwamba hawa wameshakutana na kupigana. Akasema basi ndo zaidi, sikio lipone kwanza, maana mnyama mwenye kidonda huja kwenye ugomvi akiwa tayari na hofu.

Kisha nikamwita fundi seremala. Akatengeneza banda la pili la waya, tukaliweka sambamba na lile la Malkia, katikati tukaacha nafasi ya kiganja ili wasing'atane pua na vidole. Wanaonana, wanasikiana, wanakula saa moja, kila mtu kwake. Kila baada ya siku mbili nilikuwa nachukua konzi ya nyasi alizolalia huyu nampa yule. Simbilisi humjua mwenzake kwa pua kabla ya macho. Ana binamu yake huko Chile, anaitwa degu, mdogo kuliko yeye na ana mkia wenye kishungi mwishoni, ambaye huoga kwa kujigaragaza kwenye mchanga. Wafugaji wa degu hubadilishana zile bakuli za mchanga kati ya mabanda mawili, ili kila mmoja aoge kwenye harufu ya mwenzake wiki nzima kabla hawajagusana. Mimi sikuwa na mchanga, nilikuwa na nyasi. Zilitosha.

Malkia siku ya kwanza alizipiga teke zile nyasi za Pendo akazikojolea. Siku ya nne akazilalia.

Hapa sasa ndipo watu wengi hukosea, na mimi nilikosea hapohapo: siku ya kuwakutanisha usiwakutanishe kwenye banda la mwenyeji. Pale ni kwake, atapalinda. Tafuta mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga. Sisi tulikwenda kwa bibi, kwenye chumba chake cha mbele, Jumamosi saa nne asubuhi, mchana kweupe. Tukamwaga rundo kubwa la nyasi mbichi katikati, na majani ya matembele huku na huku, siyo sehemu moja. Maboksi mawili ya kujificha, kila moja limekatwa milango miwili. Zingatia hiyo milango miwili. Boksi la mlango mmoja ni mtego. Mbabe anakaa mlangoni na mnyonge hana pa kutokea. Nikawa na taulo nene mkononi, maana kidole nilikuwa nimeshakitoa sadaka.

Mtatishika, nawaambia. Wataanza kunusana makalio. Mmoja atamfukuza mwenzake, atampanda hata kama wote majike, atatembea akitikisa kiuno huku anaunguruma kama pikipiki ya mbali, atainua kidevu juu kumwonyesha nani bosi. Mwingine atamrushia mkojo. Hayo yote ni mazungumzo, waache. Ukiwatenganisha hapo watalazimika kuanza upya kesho. Ila ukisikia meno yanagongana tatata bila kukoma, nywele za shingo zimesimama, mdomo umefunguliwa kama anapiga miayo ili meno yaonekane, hapo weka taulo katikati yao. Wakishikana na kubiringika, watenganishe mara moja, na yakifika ya damu rudi kwenye mabanda mawili usubiri siku kadhaa. Na wapo wasiopatana kabisa. Hao waache waishi jirani, waya katikati, wala usione umeshindwa.

Tulikaa pale kwa bibi hadi saa tisa alasiri. Wale watoto wawili walikaa kila mmoja kwenye ukuta wake, kila mmoja anamtazama wa kwake. Ikatokea Malkia akamfukuza Pendo hadi nyuma ya kiti, na binti yangu akasema kwa sauti ya chini, "Malkia, acha." Mwenzake akajibu, "Hamna, hajamuuma, anamwambia tu." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza bila mtu mzima kuwalazimisha, baada ya wiki mbili na nusu.

Saa nane wale wanyama wakawa wanakula rundo moja, mmoja upande huu, mmoja ule.

Kabla ya kuwarudisha tuliosha banda kubwa kwa maji ya moto na siki, maranda mapya, kila kitu kikahamishwa mahali pake ili Malkia asiseme hapa pangu. Bakuli mbili za chakula, chupa mbili za maji, nyumba mbili, milango minne. Nafasi iwe karibu mita moja ya mraba au zaidi. Kwenye kreti la soda hakuna amani. Na wakishaingia pamoja usiwe unawatoa na kuwatenganisha kila usiku. Nilikuwa nawapima kila Jumapili kwa mizani ya jikoni, kwa sababu anayenyimwa chakula atajulikana kwa uzito kabla hujamwona amekonda. Nyongeza kidogo: mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Nyasi ndicho chakula chake kikuu, lakini kipande cha pilipili hoho kila siku kitamwokoa. Majani ya mparachichi usithubutu, ni sumu kwake.

Yule fundi seremala, siku aliyoleta banda, nilimwagiza na kitanda. Kitanda kimoja cha mtoto, na kabati dogo lenye kufuli, ufunguo nikampa yule wa Musoma mkononi. Baba watoto akauliza hela imetoka wapi. Nikamwambia aulize kwa mama yake. Begi lilifunguliwa jioni ileile. Sikuitwa, wala sikuingia. Nilisikia tu zipu.

Sitawadanganya kwamba siku hizi ni mapacha. Juzi waligombania kitana. Mimi mwenyewe bado kuna asubuhi najikuta nachota uji wa mwanangu kwanza, halafu nakumbuka, nashika bakuli la pili. Ila Malkia na Pendo wanalala nyumba moja, wamebanana, ile nyingine imebaki tupu. Nilitaka kuitoa ili nipate nafasi. Bibi akanikataza. Ipo palepale, na kila Jumamosi tunaisafisha.

Kabla sijamaliza, dada yangu wa Sirari aliyeniletea meseji akiuliza kama anaweza kumweka sungura na simbilisi banda moja: hapana, dada. Teke la sungura linaweza kumvunja simbilisi mbavu, na sungura anaweza kubeba vijidudu ambavyo yeye havimsumbui lakini vinamletea simbilisi homa ya mapafu. Mtafutie kila mmoja wa aina yake. Mwezi ujao ni mawifi, naahidi.