Posho ya safari si mshahara

Nyanya zinapoiva Ngarenanyuki na vitunguu vinapong'olewa Mang'ola, kila mwenye lori mjini Arusha anatafuta dereva. Ndipo vijana wa Meru, ambao wengi wamesomeshwa udereva kwa fedha ya ng'ombe au ya kahawa ya baba, wanapopewa ahadi za kila aina kuanzia Kilombero hadi Usa River. Huyu anatoa posho nono, yule ana semitrela mpya, mwingine anasema magari yake yanafika Zambia. Kijana anauliza jambo moja tu, yaani atapewa shilingi ngapi mkononi siku ya kuondoka. Kwa jibu la swali hilo anachagua tajiri ambaye huenda atamtumikia miaka kumi.

Hapo ndipo penye kosa, na linawagusa pia wakulima na wafanyabiashara wanaosoma ukurasa huu, kwa kuwa dereva huyo ni mtoto wao au ndiye aliyebeba matenga yao.

Tuchukue mfano wa kukisia. Kampuni ya kwanza inalipa mshahara wa sh 450,000 kwa mwezi na posho ya sh 150,000 kwa kila safari. Ya pili inalipa mshahara wa sh 700,000 na posho ya sh 70,000. Kwa mwezi wenye safari nne, dereva wa kwanza anapata sh 1,050,000 na wa pili sh 980,000. Wengi wataikimbilia ya kwanza. Lakini gari likiharibika, au mzigo ukikosekana, safari zikawa moja tu, wa kwanza anabaki na sh 600,000 na wa pili sh 770,000. Tena posho yenyewe si faida yote, kwa kuwa ndiyo inayonunua chakula, mahali pa kulala na maegesho njiani.

Tofauti kubwa zaidi huonekana siku ya kuachana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi anayeachishwa na mwajiri, si kwa utovu wa nidhamu, hulipwa kiinua mgongo cha angalau siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka alioutumikia, hadi miaka kumi. Posho haiingii katika mshahara wa msingi. Kwa miaka minane, yaani siku 56, na tukigawa mshahara wa mwezi kwa siku 26, dereva wa kwanza atapata kama sh 969,000 na wa pili kama sh 1,507,000. Huyo aliyejisifu kwa posho miaka yote ndiye anayekwenda nyumbani na kidogo. Aulize pia mchango wake wa NSSF unapigwa kwenye kiasi gani, na kama mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao ulianza kukusanya michango Julai 2015 na ambao dereva hakatwi hata senti.

Siku mbaya si jambo la kufikirika kwa watu wa barabara ya Namanga. Mei 2020 Kenya ilipofunga mpaka kwa abiria kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliruhusiwa lakini madereva walisubiri vipimo kwa siku kadhaa. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu, malori yalikwama tena. Dereva anayelipwa kwa safari alikuwa anakula akiba yake wakati mzigo umesimama. Kwa hiyo swali la kwanza kwa tajiri lisiwe posho ya safari. Liwe hili: gari likisimama, mimi nalipwa nini?

Suala la pili ni kulala nyumbani. Sheria hiyo hiyo inatoa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Mtaalamu wa uchumi wa kilimo hawezi kulipita jambo hili kama la anasa. Dereva wa Akheri au Poli ana shamba la migomba na kahawa, na mara nyingi ng'ombe wa ndani. Mvua za masika zikianza Machi, mahindi yanapandwa kwa siku chache, na anayechelewa anavuna kidogo. Kahawa nayo inataka kupuliziwa dawa kwa wakati wake. Mume akiwa njiani miezi mitatu mfululizo, kazi hizo zinamwangukia mama peke yake, au kibarua anayelipwa kwa posho ile ile. Kwa hiyo aliye na familia aombe mapema, kabla ya kutia saini, likizo yake iangukie wakati wa kupanda. Mwajiri ndiye mwenye haki ya kupanga lini, lakini mwajiri mwenye akili atasikiliza, hasa kama msimu wa mizigo yake hauingiliani na wa shamba.

Ya tatu ni heshima, na hapa wengi hudhani tunazungumzia salamu. Salamu nzuri haigharimu kitu. Heshima ipimwe kwa mambo mawili.

Kwanza, dereva akisema breki hazifai, nani anaamua kama gari litaondoka? Februari 24, 2024 lori ambalo ilielezwa kuwa lilifeli breki liligonga magari mengine pale Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara ya Arusha–Namanga, na watu 25 wakapoteza maisha. Baada ya ajali kama hiyo hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini neno la dereva kuhusu breki lisipuuzwe. Kabla ya kuajiriwa, kijana awaulize madereva waliopo, si meneja: mara ya mwisho mmoja wenu alipokataa kuondoka na gari bovu, alifanywa nini?

Pili, nyanya zikioza njiani, nani analipa? Desturi ya baadhi ya matajiri ni kukata hasara yote kwenye mshahara, wakati mwingine kwa maneno ya simu tu. Sheria hairuhusu hivyo. Mwajiri anaweza kukata kwa hasara au uharibifu pale tu kosa ni la mfanyakazi, amemweleza kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyopatikana, na amempa nafasi ya kujitetea. Hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Tenga lililooza kwa sababu foleni ya mpakani ilikuwa ndefu si kosa la dereva.

Wafanyabiashara nao wasijitoe katika hesabu hii. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Lori zito haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ukiweka mizani, vituo vya polisi na miji ya njiani, wastani wa kilomita 45 kwa saa ni wa haki. Hizo ni zaidi ya saa 13 za kuendesha, wakati sheria inakataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Anayemwambia dereva mmoja apakie leo mchana na awe sokoni Dar es Salaam alfajiri amenunua usingizi wa mtu bila kuulipia. Aongeze nauli ili gari liwe na madereva wawili, au akubali mzigo kufika baadaye. Nauli ya chini kuliko zote sokoni kwa kawaida imepunguzwa mahali fulani, na mahali rahisi kupunguza ni kwa dereva na kwa matairi.

Mwaka 2015, Aprili na tena Mei, madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima. Waligomea sharti la kurudi chuoni kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni, lakini mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Kampuni zilizo na utaratibu zinatoa mikataba hiyo. Lakini wapo bado wanaoajiri kwa kupeana mikono, na wapo vijana wanaokubali kwa kuona aibu kudai karatasi.

Asione aibu. Sheria inamtaka mwajiri ampe maelezo ya kazi kwa maandishi, na shauri likifika mbele bila karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha kinachodaiwa ni wa mwajiri. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Arusha. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tangu alipoachishwa, na madai mengine kama makato na mishahara yana siku 60. Siku hizo zinahesabiwa hata kama dereva yuko Tunduma anasubiri mzigo wa kurudi.