Tusimtafute Mjumbe Matangani

Wapenda mageuzi wenzetu, liko swali ambalo tumekuwa tukiliuliza katika mikutano ya vikundi vyetu vya haki na amani, na kila mara jibu lake limetuhuzunisha. Tumeuliza: mwakilishi wa wadi yako ni nani, na ofisi yake iko wapi? Jina la gavana hujulikana na wote. La mjumbe wa Bunge hujulikana na wengi. La mwakilishi wa wadi hutajwa kwa kusitasita, na ofisi yake haijulikani kabisa. Lakini tukiuliza ni wapi walikomwona mheshimiwa mara ya mwisho, mikono huinuka kote ukumbini: matangani, katika harambee, na, tukubali ukweli sisi waumini, mbele ya madhabahu yetu wenyewe.

Hali hii haiwastahili watu waliopitia tuliyoyapitia. Kifungu cha 2A kilipotiwa katika Katiba mwaka 1982, chama kikawa kimoja kwa amri ya sheria. Katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, mgombea aliyehesabiwa kupata asilimia 70 ya foleni alikwenda Bungeni bila kupigiwa kura ya siri. Mjumbe wa namna hiyo hakuwa na haja ya kusoma barua ya mkulima, kwa kuwa aliyemweka kitini hakuwa mkulima. Waliopinga walitiwa kizuizini. Wengine walipoteza maisha katika Saba Saba ya 1990 na siku zilizofuata. Kifungu kile kilifutwa Desemba 1991, na Katiba ya 2010 ikatamka katika ibara yake ya kwanza kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Mheshimiwa wa zama zile alikuwa na udhuru wa kutotusikia. Sisi wa leo tuna udhuru gani wa kutomwandikia?

Siku ya kura kila mmoja wetu hupewa karatasi sita: ya Rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake wa kaunti, mjumbe wa Bunge la Taifa na mwakilishi wa wadi. Sita hao hawana kazi moja, na hapa ndipo tunapopotea. Zahanati na vituo vya afya, shule za chekechea, maji na masoko ni mambo ya serikali ya kaunti, ambayo bunge la kaunti linapaswa kuisimamia. Shule za msingi na za sekondari, pamoja na polisi, ni mambo ya serikali ya kitaifa.

Tulijifunza haya kwa gharama. Zahanati ya wadi yetu ilikaa miezi mingi bila dawa. Tulimvizia mjumbe wa Bunge katika mazishi, tukamweleza, akaahidi, akatoa pesa za soda, akapanda gari. Tukamvizia mazishi ya pili; ahadi ikawa ile ile, soda zile zile. Baadaye ndipo mmoja wetu alipotufungua macho kwamba dawa za zahanati haziko mikononi mwa mjumbe huyo hata kidogo. Tunaamini yeye alilijua hilo tangu mazishi ya kwanza. Hakutwambia, maana ahadi haimgharimu mtu kitu, na matangani hakuna anayeandika.

Ndiyo sababu tunasisitiza barua. Andikeni kama kikundi, jambo moja kwa barua moja, kwa lugha ya heshima. Semeni ni mahali gani, tangu lini, na mnataka nini kifanywe. Pelekeni nakala mbili katika ofisi ya mwakilishi, na ile inayobaki nanyi ipigwe muhuri wa kupokelewa. Karani akikataa kupiga muhuri, andikeni papo hapo tarehe na saa mliyoiwasilisha. Asipojibu, ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na sheria ya 2012 inaeleza namna yake: laweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, likielekezwa kwa Karani wa Bunge, na asiyeweza kutia sahihi atie dole gumba. Lazima ombi lionyeshe kwamba mlikwisha kujaribu kwingine. Muhuri ule ndio ushahidi wenu.

Watakuwepo watakaotucheka. Watasema vijana wa Juni 2024 hawakuandika barua. Walisambaza nambari za simu za wabunge, wakawafurikia kwa ujumbe juu ya Muswada wa Fedha, wakajaza barabara, na Rais akakataa kutia sahihi tarehe 26, siku moja baada ya watu kuuawa kwa risasi. Ni kweli, na damu ile hatutaisahau. Sisi twawaheshimu vijana wale, ingawa matusi yaliyotumwa kwa baadhi ya familia za wabunge hatukuyapenda. Lakini muswada wa nchi nzima huinua nchi nzima. Zahanati ya wadi moja haitajaza barabara za Nairobi, na wagonjwa wake hawawezi kungoja mpaka zijae.

Kwa wachungaji na mapadri tuna neno. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango uliotolewa na Rais katika parokia moja, na kabla ya hapo, mwaka 2021, Kanisa la Anglikana lilikuwa limewafungia wanasiasa mimbari zake. Tulifurahi. Hata hivyo, kumfungia mtu mlango wa Jumapili bila kumbishia mlango wake Jumatatu ni nusu ya kazi. Kanisa lina ukumbi, lina ubao wa matangazo, lina watu wanaojua kuandika. Majina ya wawakilishi sita na mahali zilipo ofisi zao yabandikwe pale panapobandikwa matangazo ya ndoa.

Kikundi chetu kimekwisha kuiandikia idara ya afya ya kaunti, kwa mujibu wa ibara ya 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tukiomba orodha ya dawa zilizopelekwa zahanati yetu. Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Nakala yenye muhuri tunayo, na mwakilishi wa wadi amepelekewa yake. Siku ya 22 tutakuwa mlangoni pake.